Kifuniko cha Fundi Anatory

Anatory hakufukuzwa kazi kwa uzembe. Nimewaambia wapangaji wote wa ghorofa la Kahigi hapa Kayanga, milango ishirini na miwili, nikipanda ngazi kwa magoti yangu haya ya miaka sitini na moja, na kila mlango nimesema maneno yale yale: kosa lilikuwa langu, si la fundi. Wengine walicheka. Wengine walinitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Kahigi mwenyewe, mwenye nyumba, amesema atafikiria kama nitabaki au nitaondoka. Na afikirie. Mimi nimechoka kulala na jambo la mtu kifuani.

Naitwa Restuta, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa mwangalizi wa ghorofa hili. Nafagia ngazi, nafungua geti, nasikiliza malalamiko ya kila aliyekatikiwa maji kana kwamba mimi ndiye niliyeyanywa. Kwa kazi hiyo nimepewa chumba cha chini kabisa, chini ya ngazi, zege juu, zege pembeni. Nje ya mlango wangu, ukutani, ndipo lilipo boksi la bati la kampuni ya kebo. Ndani yake kuna amplifaya, chombo cha chuma kinachosukuma mtandao kwenda ghorofa zote tatu, na vidude vya kugawia waya. Kutoka hapo waya mweusi unakwenda kila chumba, mmoja mmoja, mpaka kwenye modemu ya mpangaji. Haya sikuyasoma popote. Niliyajua kwa kumshikia Anatory tochi.

Anatory ni mtu wa Bweranyange, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza hata akiongea na skrubu. Zamani alitengeneza redio na televisheni kwenye kibanda pale stendi. Kampuni ya kebo ilipoingia mjini ikamchukua, na kwa miaka kumi na moja akawa anavuta waya, kwanza za picha tu, baadaye intaneti ikapitishwa humo humo. Alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro: haanzi kazi mpaka amesalimia. Anabisha hodi, anaingia, anakaa, anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mtoto aliyekuwa na homa. Ukimletea kahawa ya kutafuna, anachukua punje mbili tatu na kuzitia mdomoni taratibu. Huku kwetu mtu anayekataa kahawa uliyompa mlangoni unamwona ana lake jambo, na Anatory hakutaka kuwa na jambo na mtu yeyote. Basi chumba kimoja nusu saa. Vyumba ishirini na viwili, piga hesabu mwenyewe.

Winston hakuipenda hesabu hiyo. Huyu Winston ndiye meneja wa kampuni, kijana msafi, shati limenyooka, shikamoo yake ya haraka haraka. Aliwapa mafundi simu zenye programu ya kuhesabu dakika: robo saa kwa mteja, ukizidisha inaandika. Ya Anatory iliandika mpaka ikachoka. Kufikia mwaka huu alikuwa na barua mbili za onyo, na amebakiza miaka miwili tu kufikisha sitini.

Sasa nieleze kosa lilikoanzia. Televisheni yangu iliungua mwaka juzi, radi ilipopiga, nikamwachia mtu wa vipuri. Waya wa kebo ukabaki unaning'inia kando ya kitanda. Anatory akaja, akaifunga ncha yake kwa kifuniko kidogo cha chuma, kama kile cha chupa ya dawa ya macho, akaniambia, "Dada Restuta, hiki usikitoe. Kikae hivi hivi." Nikadhani ni cha kuzuia vumbi. Hakunieleza, nami sikuuliza. Katika mambo yote haya, hilo tu ndilo tunagawana nusu kwa nusu.

Novemba ya mwaka jana mama yangu alifariki kule Mabira, wilaya ya Kyerwa. Ilikuwa Alhamisi mchana. Kaka yangu Gosbert alinipigia, lakini simu yangu ya kitochi ilikuwa imezima, chaja imeharibika. Akafanya kile anachofanya kila mtu huku kwetu, akapeleka tangazo redioni. Lilisomwa jioni ile, likasomwa tena Ijumaa asubuhi, na jina langu lilikuwemo: habari zimfikie Restuta aliyeko Kayanga. Kyerwa nzima ililisikia. Mimi nilikuwa ndani ya zege langu, redio inakwaruza tu. Walinisubiri mpaka saa tisa Ijumaa hiyo, wakazika. Nilifika Jumamosi, kwa safari yangu tu ya kwenda kumwona mama, nimebeba sukari kilo mbili na sabuni zake za kuogea. Nikakuta udongo mbichi kati ya migomba. Gosbert akaniuliza mbele za watu, "Ina maana hata redio husikilizi?" Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Nikarudi Kayanga na jambo moja kichwani: sitapitwa tena na tangazo la kifo. Nilijaribu redio dirishani, juu ya kabati, mlangoni, inakwaruza tu. Siku moja, kwa hasira, nikakitoa kile kifuniko, nikazungushia kijiwaya kwenye ule mwiba wa shaba ulio katikati ya kebo, nikakiunganisha na antena ya redio. Redio ikasema kama mtangazaji yuko chini ya kitanda changu. Nililia. Tangu siku hiyo, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, yakifika matangazo ya vifo natoa kifuniko, naunganisha, nasikiliza marehemu wote mpaka wa mwisho. Yakiisha naondoa kijiwaya na kurudisha kifuniko, maana niliambiwa kikae pale, na mimi ni mtu wa kushika maagizo.

Haukupita mwezi, mtandao wa ghorofa ukaanza kukatika. Si siku nzima. Unakatika robo saa asubuhi, robo saa mchana, robo saa jioni, halafu unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeumia zaidi ni Prudensia wa ghorofa ya pili, mwalimu wa sekondari kule Bugene. Alikuwa anasoma shahada yake kwa njia ya mtandao, na kipindi chake kinaanza jioni, saa hizo hizo. Alikuwa anateremka ngazi kwa kishindo na kunigongea. "Mama, shikamoo, mtandao tena." Nami nipo na redio yangu, marehemu wanasomwa. Nilikuwa namjibu bila kufungua mlango, "Ngoja kwanza wasomwe waliokufa, wewe si uko hai?" Akingoja, matangazo yanaisha, mtandao unarudi. Anapanda zake akinung'unika. Hata siku moja hatukuuliza, si yeye wala mimi.

Anatory aliitwa mara kumi na zaidi. Anakuja saa nne, anafungua boksi, anachomeka mita yake ya kupimia mtandao, mita inaonyesha kila kitu safi. Anapanda vyumba vyote, anakaza viungo, anatafuna kahawa, anateremka amechoka, anakaa kwenye ngazi ya tatu, ile iliyo mbele ya mlango wangu.

"Ni kelele, dada Restuta," aliniambia siku moja akijikanda goti. "Sisi mafundi tunaiita kelele. Mtandao ukishuka, kila chumba kinapata chake. Lakini ukipanda kurudi, vyumba vyote vinakutana kwenye njia moja. Ncha moja ikiwa wazi inaokota takataka za hewani, inazileta mpaka hapa kwenye boksi, na hakuna modemu inayosikika tena. Mmoja anachezea, ishirini na mbili zinazimika."

"Basi mtafute huyo mpumbavu," nikamwambia. "Tumjue, atoke."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Na nilifanya zaidi. Kahigi alipopiga simu kutoka Mwanza kusema atakayekutwa anachezea waya afungashe vyake, mimi ndiye niliyechukua kipande cha boksi la sabuni nikaandika kwa kalamu nene: ANAYECHEZEA WAYA WA KEBO ATATOKA MWEZI HUO HUO. Nikakibandika kwenye mlango wa ngazi, nikasimama kukitazama, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Chumba changu Anatory hakukikagua. Kwa nini akikague? Sikuwa mteja, na ncha ya waya wangu aliifunga mwenyewe.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu alikaa kwenye ile ngazi yake bila hata kufungua mkoba wa vifaa.

"Winston amenipa mpaka Ijumaa," akasema. "Nisipoipata, nirudishe simu na mkanda wa vifaa."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Mama ni mzee, dawa zake ndizo hizi ngazi zinazonilipa." Akausogeza mkoba kando. "Nimechoka, dada. Sijui nimechoka na nini kati ya vyote."

Nilimhurumia na wakati huo huo nilimkasirikia. Nilimwambia anakuja saa za watu wavivu, mtandao unakatika jua likiwa halijapanda, yeye anakuja saa nne kutafuta kitu kilichoondoka. Nikamwambia kesho aje mapema, atanikuta macho. Akakubali.

Alhamisi alifika kwa bodaboda kabla ya saa moja, umande bado uko kwenye geti. Nilimkaribisha ndani, mlango wazi, ili aone boksi akiwa amekaa. Nikamwekea kikapu cha kahawa. Akachomeka mita kwenye boksi, akavuta waya wake mpaka kwenye kigoda, akaiweka mita juu ya goti. Safi kabisa. Tukaongea habari za mvua. Yalipokaribia matangazo nikamwambia, "Samahani fundi, nisikilize kwanza wa leo," nikainama kando ya kitanda kama ninavyoinama kila siku. Nikatoa kifuniko. Nikaunganisha.

Mita ikaanza kupiga mlio.

Nilimwona akiitazama. Kisha akanitazama mimi, akatazama mkono wangu, akafuata ule waya kwa macho mpaka kwenye redio. Juu, ghorofa ya pili, nikasikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu. Mtangazaji alikuwa ameanza na marehemu wa kwanza, mzee mmoja wa Bugene. Anatory alivua kofia yake, akaiweka juu ya mita, akainamisha kichwa. Walisomwa watatu. Wa tatu alipokwisha, mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nikashindwa hata kuondoa kile kijiwaya. Akakiondoa yeye. Mlio ukakoma.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipomzika mama," nikasema, halafu nikajisahihisha. "Tangu walipomzika."

Nikamweleza yote, sukari na sabuni na swali la Gosbert. Prudensia alifika mlangoni katikati ya maneno yangu, akamwona fundi, akasema mtandao umekatika na umerudi sasa hivi. Anatory akamjibu, "Nimeuona, mwalimu. Leo tatizo linakwisha." Mwalimu akamshukuru, akapanda.

Ilibaki ile simu yenye programu. Fundi akimaliza lazima ajaze chanzo cha hitilafu, na kukiwa na mtu aliyechezea waya, kampuni inampelekea mwenye nyumba barua. Nilijua hilo. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona mwandiko wangu mwenyewe kwenye kipande cha boksi la sabuni. Mabira sina pangu tena, Gosbert ana wanawe na wake zao. Chumba hiki cha zege ndicho nilicho nacho.

"Fundi," nikamwambia, "ukiandika ukweli mimi natoka."

Akatoa simu. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anavyofanya kila kitu, akaitia simu mfukoni. Kisha akauchomoa waya wa chumba changu kwenye boksi, moja kwa moja, akauviringa. Nikadhani ndiyo basi, na redio pia imekwisha. Lakini alipanda juu kabisa mpaka kwenye paa na mviringo wa waya wa shaba uliotoka mkobani mwake, akauteremsha nje ya ukuta mpaka dirishani kwangu, akanifungia kwenye antena ya redio.

"Huu ni wako peke yako," akasema. "Haugusi wa mtu." Kile kifuniko kidogo akaniwekea mkononi. Sijui kwa nini. Nami sikuuliza, kama kawaida yangu.

Jumatatu iliyofuata alikuja Winston mwenyewe, na fundi mpya. Aliangalia boksi, akaangalia saa yake, akaniambia, "Shikamoo mama. Yule mzee tumemwachisha kazi. Kumbe kiungo alikifunga vibaya yeye mwenyewe hapa chini, akatusumbua miezi yote hii. Amekiri kwa maandishi."

Nilikuwa na fagio mkononi. Nafasi ya kusema ilikuwa pale, pana kama geti. Nikasema, "Marahaba. Angalieni, ngazi zina maji, zinateleza."

Miezi saba nimeishi na hayo maneno ya ngazi zina maji. Mtandao wa ghorofa ukawa mzuri mno. Prudensia alimaliza mitihani yake, akaniletea mkungu wa ndizi kwa asante, asante ya nini sijui. Wapangaji wakasema, kumbe ni yule mzee wa kahawa, alikuwa anatuchezea. Niliwasikia wakisema nikiwa nafagia, nikafagia kwa nguvu zaidi. Na kila jioni redio ilishika vizuri, haikwaruzi hata kidogo, na kila ikishika vizuri nilimkumbuka aliyekuwa juu ya paa. Ningekuwa na moyo kidogo tu ningemfuata Bweranyange. Sikuwa nao. Niliona aibu, na kadiri siku zilivyopita aibu ikawa nzito zaidi, mpaka nikaona ni afadhali asinione kabisa.

Jumapili moja ya Oktoba, jioni, nilikuwa nachambua maharage. Mtangazaji akasoma: ndugu Anatory wa Bweranyange anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi ni kesho saa nane mchana, nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie fulani wa Nyakaiga, fulani wa Kaisho, watoto wa marehemu walioko Bukoba. Akataja na mapadri. Halafu akasema, taratibu, kila neno peke yake: "Na habari zimfikie dada Restuta, ghorofa la Kahigi, Kayanga."

Maharage yote yalimwagika chini. Sijui nilikaa pale muda gani. Alijua nasikiliza. Katika jamaa zake wote, na msiba kichwani, alikumbuka kulipia na jina la mtu ambaye lazima awe anasikiliza.

Jumatatu nilipanda bodaboda asubuhi, nikafika wanawake wakiwa bado wanamenya ndizi. Nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, amekonda zaidi, koti limempwaya. Nikampa pole. Nikamwambia hapo hapo, kabla moyo haujanigeuka, kwamba kesho naenda ofisini kwa Winston kusema ukweli.

"Usiende kwa ajili yangu," akasema. "Kazi hairudi, ameshaajiri. Na usinifanye mtakatifu, dada Restuta. Siku ile nilikuwa nimechoka. Niliona nikikuandika wewe yatakuja maswali, barua, vikao. Nikijiandika mimi ni mstari mmoja."

"Huo mstari mmoja umenilaza chumbani kwangu miezi saba," nikamwambia. "Na wewe umekulaza wapi?"

Akajifuta macho kwa mkono wa koti. Watu walikuwa wanamwita, jeneza linatolewa. Alipiga hatua mbili, akarudi.

"Ulisikia jina lako?" akauliza.

"Nilisikia."

"Lote? Halikukwaruza?"

"Lote, fundi. Halikukwaruza."

Akaitikia kwa kichwa kama anavyofanya akimaliza kukaza kiungo, akaenda kumbeba mama yake. Mimi nikaenda kukaa na wanawake wengine, mapema, kabla ya kuzika.